Nta Kwenye Bodi ya Kijani

Aliyenipigia simu ni mpwa wa marehemu, na hakuanza na pole. Alisema, "Mtani Nyamizi, fanya haraka uje Tabora. Mjomba kafa, na hapa hatuna mtu wa kumtukana." Nilikuwa sokoni Morogoro nachagua nyanya. Nilikaa pwaa juu ya tenga la watu, nikaponda nyanya za kulisha wilaya nzima, na mwenye nyanya aliponitazama usoni akaacha kunigombeza. Fundi Mwinyimvua alikuwa Mzaramo, mimi ni Mnyamwezi, na kwa makabila yetu mawili msiba usio na mtani haujaiva. Mtu wetu huenda kaburini akiwa amezomewa vizuri, sanda na bakora yake zimetekwa na kukombolewa, na waombolezaji wamecheka mpaka wakaanza kulia upya. Mtani wake wa miaka yote nilikuwa mimi. Nikapanda treni na begi la nguo mbili na kichwa kilichojaa matusi.

Matusi yalinitosha mpaka Tura. Pale treni iliposimama, wauza asali walikuja madirishani, na mama aliyekaa mbele yangu akanunua chupa iliyozibwa kwa donge la nta. Alipoling'oa ili aonje, harufu ya nta ikajaa behewa lote. Yule mama akasema, "Yesu wangu, kama mishumaa ya Krismasi." Mimi niligeuzia uso dirishani. Sijawahi kuionea raha harufu ile. Kwa wengine ni harufu ya kanisa, ya sikukuu, ya nyumbani. Kwangu ni harufu ya kukaa umekodoa masikio, ukingoja sauti fulani isikatike.

Mwaka harufu hiyo ilipoanza kunisumbua nilikuwa sijafika ishirini. Mchana nilijifunza ufundi kwa Mwinyimvua pale Kanyenye, jioni nilisoma darasa la watu wazima ili nifanye mtihani wa kidato cha nne, na kati ya hapo nilikuwa nalala, nadhani, ingawa sikumbuki lini. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Kulikuwa na meza ndefu iliyoungua kila mahali, redio zilizopasuliwa matumbo, testa moja nzee kuliko reli ya kati, na dirisha la nondo lililotazama magharibi. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa matofali mabichi na haukufika darini. Nyuma ya ukuta huo alilala Bi Pili, mke wa Fundi, mwanamke aliyepika maandazi ya mtaa mzima kwa kuni mpaka moshi ukamla mapafu. Mdogo wake aliyefanya kazi Maskati alimletea mashine ya oksijeni, boksi kubwa kama kabati dogo la jikoni, lenye magurudumu. Mashine ile ilinguruma chini chini, halafu kila baada ya muda ikatoa pumzi: mmmm, pshii. Mmmm, pshii. Sisi huku mbele tulichomelea risasi ya kuungia waya, tukala, tukatukanana, na masikio yetu yote manne yalikuwa upande wa pili wa ukuta. Nikiwa darasani jioni nilikuwa naisikia. Hata leo jokofu langu likinguruma vibaya naamka.

Chakula chetu cha mchana kilikuja kupitia mlango wa uani. Kama Bi Pili alikuwa na siku njema alisimamia mwenyewe jikoni, mpira wa pua umemfuata nyuma kama mkia, na tukala ugali wa muhogo na samaki mgebuka wa Kigoma aliyepikwa kwa karanga, chakula ambacho ningekila mbele ya malaika bila kumkaribisha. Akiwa na siku mbaya tulikula michembe, viazi vikavu, na chai, na Fundi hakuwa anatafuna, alikuwa anasikiliza. Siku hizo ndipo utani ulipopanda juu. "Mpagazi," ananiita, "lete lile koleo, au unangoja ulipwe shanga?" Namjibu, "Mzaramo, nyamaza. Babu yako alifika Tabora mgongoni kwa babu yangu. Alilala njia nzima kutoka pwani, tukamshusha hapa Kanyenye akauliza kama ngoma imeshaanza." Kutoka nyuma ya ukuta tulimsikia Bi Pili akicheka, kicheko kifupi, cha mtu anayebana matumizi ya hewa.

Sasa nieleze habari ya bodi, maana bila hiyo hutaelewa kilichonikausha mate. Redio tulizopokea wakati ule, zile ambazo wachungaji wa Igunga walizifunga kwenye usukani wa baiskeli, zilikuwa na bodi ya kahawia. Ni karatasi tu, karatasi nyingi zimeshindiliwa kwa gundi mpaka zikawa ngumu kama ubao. Upande mmoja vifaa vimesimama kama watu gulioni, upande wa pili ndiko kuna njia zote za shaba. Shaba iko upande mmoja peke yake. Tundu kwenye bodi ile ni tundu basi, mguu wa kifaa unapita, unaushika kwa risasi upande wa pili, kazi imekwisha. Njia ikikatika unaiona kwa macho yako, unaiunga kwa kijiwaya. Ukihitaji tundu jingine, toboa hata kwa msumari wa moto, bodi haina kinyongo.

Kwa bodi hizo Mwinyimvua alikuwa mfalme, na taji lake lilikuwa nta. Sisimizi na mende wa Tabora wanapenda redio, kuna joto na kuna giza, na vumbi letu la kiangazi linaingia hata ndani ya yai. Kwa hiyo kila bodi aliyoitengeneza aliipaka nta ya nyuki kwenye upande wa shaba. Wafuga nyuki walimletea madonge, akayayeyusha kwenye kikopo juu ya jiko la mkaa, akapaka kwa brashi pana, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Nta ilikaa upande ule ule ikaganda. Watu walikuwa wanainusa redio kabla ya kuinunua kwa mtu: kama hainuki mzinga, haijapita kwa Mwinyimvua. Nasikia kuna moja ilitumbukia bwawa la Igombe wakati wa masika na ikaokotwa kiangazi ikiwa bado inasoma taarifa ya habari. Sikuiona, lakini nimeisimulia mara nyingi kiasi kwamba sasa naikumbuka.

Mwezi wa sita, baridi ikiwa imekaza, mashine ya Bi Pili ilizima. Fundi hakungoja mtu. Alimweka mkewe kwenye mtungi wa oksijeni wa akiba tuliopewa hospitali, akafungua boksi, akatoa bodi, akakuta kapasita moja imevimba kichwa. Akabadilisha. Kisha, kwa mapenzi yake yote, akawasha jiko, akayeyusha nta safi kuliko zote alizokuwa nazo, na akaipaka bodi ile. Nilikuwa nimemshikia taa ya mkono. Ilikuwa bodi ya kijani, inang'aa, na nilidhani tofauti yake na zile za kahawia ni rangi, kama vile kanga. Mashine ikawaka. Mmmm, pshii. Bi Pili akasema kutoka kitandani, "Mume wangu, leo napumua kama malkia wa nyuki," na Fundi akatoka uani akaenda kusimama nyuma ya choo, ili tusimwone akilia. Tulimwona.

Shule ya jioni ndiyo iliyoniharibia usingizi. Mwalimu wetu wa fizikia, Ezekieli, kijana kutoka Ulyankulu mwenye shati moja jeupe na kiherehere cha watu kumi, alikuja siku moja na mfuko wa bodi mbovu akatuamuru tuziinue dirishani, jua likiwa linazama. Ya kahawia ilipitisha mwanga wa rangi ya asali, na njia za shaba zikaonekana kama kivuli cha matawi. Ya kijani ilikuwa ya nyuzi za kioo, na ndani ya mwanga wake niliona njia za pande mbili zikipishana, za juu na za chini, na vitundu vidogo vya mwanga vimetawanyika kama nyota. "Hizo nyota," Ezekieli akasema, "msizidharau. Kwenye bodi ya pande mbili tundu limevishwa shaba ndani. Tundu lenyewe ni njia, ni ngazi ya kutoka ghorofa ya juu kwenda ya chini. Ukilikwangua umeng'oa ngazi." Kisha akatupa bodi ya kompyuta tuiinue. Ilikuwa nyeusi kama ukuta, mwanga haupiti. Akaivunja kwa koleo, akatuonyesha ubavu wake: matabaka, kama chapati iliyosukumwa na mwanamke mwenye subira, shaba ndani ya shaba. "Hii usiitoboe hata kwa maombi. Hujui unapita chumbani kwa nani." Mwisho akatoa utepe wa njano kutoka kwenye kamera, bodi nzima laini inayokunjika kama kamba ya kiatu, na darasa zima likapiga kelele, maana tulikuwa watu wazima na tulijua uchawi tunapouona.

Miaka hii nauza hata bodi zenye mgongo wa bati la alumini, za taa, ambazo hazitaki kitu chochote kizuie joto lisitoke. Wateja wananiuliza tofauti, nami nawaeleza kwa mbwembwe kama vile nilizaliwa nazijua. Lakini jioni ile nilirudi nyumbani bila mbwembwe. Nilikuwa nimeona nyota, na nilikumbuka brashi pana.

Sikusema. Mashine ilikuwa inafanya kazi, na mimi nilikuwa nani? Nikajiambia nta ni nta, imeganda, imekaa. Ikaja Septemba, ikaja Oktoba. Asiyeijua Oktoba ya Tabora nimwambie hivi: kuku walitaga mayai ya kuchemsha. Ndipo kengele ilipoanza. Mchana, jua likiwa kali, mashine ililia pii-pii-pii ndefu na mngurumo ukakatika. Fundi alikuwa anaruka meza. Bi Pili alihamia kwenye mtungi, midomo imeanza kupoteza rangi, na baada ya mashine kupoa iliwaka yenyewe kama mtu aliyesamehewa. Kesho yake tena. Fundi alilaumu umeme. "Umeme wa mchana ni mwembamba," alisema, "viyoyozi vya wakubwa vinaunyonya." Akatafuta kifaa cha kusawazisha umeme. Haikusaidia. Akalaumu vumbi. Akafungua boksi, akafuta, na ili vumbi lisirudi, akaongeza nta.

Wageni wa Bi Pili walikuja kumjulia hali na ukuta wetu ulileta kila neno. "Wifi, nenda ukalazwe," nilimsikia jirani mmoja. "Mashine ya kutengenezwa na mume si mashine." Mwingine akasema, "Mtungi wenu huo ukiisha, hospitali wanao mwingine? Wa mama mdogo wangu ulikwisha njiani." Bi Pili akajibu kwa vipande, "Nikalazwe nani anipikie? Mtu... akifa... afe ameshiba." Wakacheka, kwa adabu. Upande wetu Fundi alikuwa ameshika chuma cha kuchomelea hewani, na tone la risasi likamdondokea gotini bila yeye kutikisika.

Kisha ikaja siku ambayo kengele ilipolia mashine haikuwaka tena, hata ilipopoa. Bi Pili kwenye mtungi, na mshale wa mtungi umeshuka mpaka kwenye rangi nyekundu. Fundi akatoa bodi, akaiweka mezani, akasema anakwenda kuswali Alasiri msikiti wa jirani, akirudi ataipima yote. Jiko tayari lilikuwa linafuka na kikopo cha nta kiko juu yake. Nilipobaki peke yangu niliichukua ile bodi kwa ncha za vidole na nikaiinua kwenye dirisha la magharibi.

Hakukuwa na nyota. Mwanga ulipita kwenye kijani, njia zikapishana juu na chini kama nilivyofundishwa, lakini matundu yote yalikuwa vipofu. Nta ya moto haikukaa upande mmoja, ingekaaje, ilikuwa na ngazi. Ilishuka kwenye kila tundu lililo wazi ikatokea upande wa pili, ikajaa kwenye soketi ambamo waya wa kipimo cha hewa unachomekwa. Wakati wa baridi iliganda pembeni na chuma kikagusana na chuma. Joto lilipokuja ililainika, ikatambaa, ikaingia katikati ya vyuma viwili vinavyotakiwa kushikana. Na kila ilipofanya hivyo, tuliongeza nyingine.

Fundi akarudi, kanzu bado mwilini, akashika brashi. Nikaanza kwa mdomo niliouzoea, kwa sababu sikuwa na mwingine. "Mzaramo, weka brashi chini. Nta yako ndiyo inamkaba mke wako."

"Mpagazi umechoka mzigo," akasema bila kunitazama, akikoroga kikopo. "Unataka tumpake asali?"

"Nasema kweli. Nta imepita kwenye matundu."

"Na babu yako alipita kwenye tundu la sindano na pembe ya ndovu begani. Sogea, unanizibia mwanga."

Nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, na kadiri nilivyopandisha sauti ndivyo neno langu lilivyozidi kufanana na tusi. Nyuma ya ukuta hakukuwa na mngurumo, kulikuwa na filimbi nyembamba ya mtungi. Nilimtukana mtu huyu mwaka mzima. Nilimwambia amemuuza shangazi yake, nilimwambia pua yake imekodishwa. Yeye naye hakuniambia neno moja la kweli ambalo halikuvaa kofia ya mzaha. Tulijengewa nyumba ya utani na mababu zetu tuseme lolote ndani yake, na siku hiyo nikagundua kwamba mle ndani hakuna anayesadikiwa. Brashi ilikuwa imeshachovya.

Nikapiga magoti. Kwetu binti humwamkia mkubwa hivyo, lakini mtani humpigii magoti, hata kama ni babu wa babu yako. Nikainamisha kichwa nikasema, "Shikamoo, baba."

Kikopo kilitoa sauti alipokirudisha juu ya jiko. "Nani kafa?" akauliza. Macho yake yalikuwa yamekwenda kwenye ukuta. "Nyamizi. Nani kafa?" Mwaka mzima hakuwahi kuniita jina langu.

"Hajafa mtu, baba. Naomba uangalie hapa dirishani."

Akaja. Nikamwinulia bodi ya kahawia, kisha ya kijani kutoka kwenye redio ya gari ambayo haikuwahi kuguswa, nikamwacha aone nyota, kisha ya mkewe. Sikueleza. Aliishika kwa muda mrefu sana, na mwanga wa jioni ukimpiga usoni kupitia ile kijani akaonekana kama mtu aliyezama majini. Kisha akaishusha. Alilibeba jiko na kikopo chake kwa mikono mitupu mpaka uani, nikasikia nta ikimwagwa juu ya mkaa na moto ukivuma.

Tuliipasha bodi kidogo kidogo, tukaivuta nta kwa nyuzi za pamba, tukasafisha kwa spiriti mpaka pamba ikatoka nyeupe. Kwenye matundu alishika sindano, mkono wake ulijua kazi hiyo miaka na miaka, nami nikamshika kifundo cha mkono. "Ukikwangua unang'oa shaba ya ndani." Aliitazama sindano kama nyoka. Nikavunja chelewa kwenye ufagio, nikailainisha kwa meno, na kwa chelewa hiyo tukafungua tundu moja baada ya jingine, yeye akisukuma, mimi nikiinua dirishani kutazama, mpaka jua likatuacha. Mashine ilipowaka, mtungi ulikuwa unatoa hewa ya mwisho. Hatukushangilia. Ilishawahi kuwaka.

Kipimo kilikuwa kesho yake, saa za mchana. Kuanzia adhuhuri hatukugusa kazi. Fundi alikaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, mimi juu ya sanduku la spika. Mabati yalikuwa yanalia kwa jua. Mmmm, pshii. Saa ya kengele ikafika, ikakaa nasi kama mgeni asiyeaga. Mmmm. Nikadhani imechelewa. Pshii. Mteja alichungulia mlangoni na redio yake, akatuona sura zetu, akarudi kinyumenyume.

Ndipo ikaja sauti kutoka nyuma ya ukuta. "Nyie! Nyie watu wa huko mbele! Mpo?"

Fundi akasimama kama aliyepigwa shoti. "Tupo, Pili. Kuna nini? Hewa haiji?"

"Hewa inakuja. Nyie mbona kimya?"

"Tunasikiliza mashine."

"Mashine! Mwaka mzima nalala hapa nasikiliza nyie mkitukanana, ndiyo najua bado nipo duniani. Leo tangu asubuhi kimya. Nikasema basi, nimekufa, na hawa mabaradhuli hawana hata adabu ya kuniambia."

Fundi akanitazama, akaniashiria kwa kidevu niseme mimi, na mimi, ambaye sijawahi kukosa neno tangu nizaliwe, nikaokota la kwanza lililokuwa karibu.

"Shangazi, Mzaramo wako amenyamaza kwa sababu jana ameoga!"

Akacheka. Kilianza kile kicheko chake kifupi cha kubana matumizi, kisha kikaendelea, kikapita pale kilipozoea kukomea, kikaenda mbele, na chini yake mashine ikawa inanguruma na kupumua bila haraka. Fundi aligeuka, akaliweka paji la uso wake kwenye yale matofali mabichi, viganja vyote viwili vimefunguka ukutani, akakaa hivyo, akimsikiliza.